Baba ana mshahara mnono, mimi nahama chuo: nani atanilipia?

*Shangazi, shikamoo. Nina miaka 20, naishi na wazazi wangu Houston, na namalizia mwaka wa pili katika chuo cha jamii (community college, chuo cha miaka miwili). Wastani wangu wa alama (GPA) ni 3.8 kati ya 4. Ndoto yangu ni kuhamia chuo kikuu kimoja cha binafsi New York. Mwaka jana tulijaza FAFSA, fomu ya msaada wa serikali, nikaambiwa sistahili ruzuku hata senti, kwa sababu baba ni injinia wa mafuta na mama ni nesi. Lakini baba anasema hana pesa. Anajenga nyumba Bunju, Dar es Salaam, anamnunulia bibi dawa Lushoto, anasomesha watoto wa wadogo zake, na mama tangu afanyiwe upasuaji wa mgongo hafanyi tena zamu za usiku. Safari hii baba amegoma hata kuigusa fomu, anasema serikali inamchungulia mfukoni bure. Binamu yangu ananishauri nifunge ndoa ya karatasi na rafiki yake ili nihesabiwe kuwa najitegemea. Nifanyeje? – Mtoto wa Tajiri*

Marahaba, mwanangu. Nianze na binamu, maana huyo ndiye wa kuzuiwa mapema. Ni kweli kwamba mwanafunzi aliyeolewa haulizwi kipato cha wazazi. Lakini ndoa ya karatasi nayo ni ndoa: itaingia kwenye kodi yako, itataka talaka, na siku utakapompata mchumba wa kweli utakaa na mama yake umweleze ulikuwa mke wa nani na kwa nini. Tena binamu asije akaendelea, akakwambia uifiche nyumba ya Bunju. Anayedanganya kwenye FAFSA anaweza kutozwa faini hadi dola 20,000, kufungwa, au vyote viwili.

Njia nyingine za kuhesabiwa unajitegemea ni chache na wewe hazikuhusu: kufikisha miaka 24, kuwa jeshini, kuwa na mtoto unayemlea, kuwa yatima, na kadhalika. Mzazi kukataa kulipa hakumo. Hapo ndipo wengi wanapokwama, kwa kuwa fomu ile inapima uwezo wa mzazi. Utayari wake hauna kisanduku.

Na uwezo wenyewe inaupima kwa macho ya Kimarekani. Nyumba mnayoishi Houston haihesabiwi, wala akiba ya uzeeni ya baba iliyo kwenye mfuko wa pensheni. Nyumba ya Bunju inahesabiwa kama kitega uchumi, hata kama haijaezekwa. Bibi wa Lushoto hahesabiwi, kwa sababu haishi nanyi. Watoto wa baba zako wadogo vivyo hivyo. Kwa hiyo baba yako, aliyebeba ukoo mzima, anaonekana sawa na jirani yake mwenye mshahara kama wake anayelipia boti ya kuvulia samaki Jumapili. Mimi naona ni uonevu, lakini fomu haitabadilika kwa sababu Shangazi amekasirika.

Sasa turudi kwenye barua yako. Sentensi yenye pesa umeipitia mbiombio: mama na zamu za usiku. FAFSA hutumia kodi ya miaka miwili nyuma. Wanaojaza kwa ajili ya mwaka wa masomo 2026/27 wanapimwa kwa kipato cha 2024. Kama wakati ule mama alikuwa mzima na anakesha wodini, kipato kinachoonekana si hiki mlicho nacho leo. Sheria inairuhusu ofisi ya misaada ya kila chuo kuangalia upya hesabu pale familia inapopoteza kipato au inapolipa gharama kubwa za matibabu ambazo bima haikuzigusa. Lazima uombe mwenyewe, kwa barua, na vielelezo: hati za mshahara za kabla na baada, barua ya daktari, risiti za hospitali. Kila chuo huamua chenyewe, kwa hiyo peleka maombi kila utakapokubaliwa. Sikuahidi ruzuku ya serikali, kwa mshahara wa injinia bado ni mbali. Lakini chuo chenye fedha zake kinaweza kulegea. Baadhi ya vyuo vya binafsi hutaka pia fomu ya pili, CSS Profile, ambayo ni mchunguzi zaidi na huweza kuuliza hata thamani ya nyumba ya Houston. Hiyo ina mahali pa kueleza mambo ya familia yasiyo ya kawaida, na hapo ndipo pa kumtaja bibi, pamoja na stakabadhi za pesa zinazotumwa kila mwezi.

Kuhusu New York, niseme wazi: chuo cha binafsi pale, ukijumlisha ada, chumba na chakula, kinaweza kupita dola 90,000 kwa mwaka. Mkopo wa serikali kwa mwanafunzi wa mwaka wa tatu anayehesabiwa chini ya wazazi ni dola 7,500. Mkopo wa serikali kwa mzazi, kuanzia Julai 2026, umewekewa kikomo cha dola 20,000 kwa mwaka na 65,000 kwa jumla kwa kila mtoto. Kilichobaki ni benki, na benki itataka sahihi ya baba yule yule. Tena wanaohama hawapokewi kama wanaoanza. Vipo vyuo vinavyoahidi kuziba pengo lote kwa mwanafunzi wa mwaka wa kwanza, ila ahadi hiyo haimfikii anayehamia. Vikokotoo vya gharama vilivyo kwenye tovuti za vyuo vimeundwa kwa hao wa mwaka wa kwanza, usiviamini kwa macho yako mawili. Andikia ofisi ya misaada uulize: anayehama, asiye na uhitaji kwa mujibu wa FAFSA, mlimpa nini mwaka jana?

Mtoto wa mwenye mshahara hupata pesa kwa alama zake, si kwa shida zake. Kwako hiyo si habari mbaya. Ukiwa na 3.8 katika chuo cha jamii unaweza kujiunga na Phi Theta Kappa, jumuiya ya wanafunzi bora wa vyuo hivyo, na vyuo vikuu vingi vina skolashipu maalumu kwa wanachama wake wanaohama. Nyingi zina tarehe ya mwisho iliyo mapema kuliko ile ya maombi yenyewe. Kwa mkazi wa Texas, ada ya vyuo vikuu vikubwa vya umma kama cha Houston au cha Austin hucheza kati ya dola 10,000 na 14,000 kwa mwaka, na Houston unaweza kulala kwenu. Krediti zako, yaani pointi za masomo uliyokwisha kufaulu, pia zitasafiri salama zaidi ndani ya jimbo. GAO, ofisi ya ukaguzi ya Bunge la Marekani, ilikadiria mwaka 2017 kwamba wanaohama hupoteza takriban asilimia 43 ya krediti zao. Kila somo linalokataliwa utalilipia mara ya pili. Dai orodha ya masomo yatakayokubaliwa kabla hujalipa kishika nafasi. Na muulize mama: hospitali yake ikiwa ni ya chuo kikuu, huenda watoto wa wafanyakazi hupunguziwa ada.

Haya, baba. Bila yeye kufungua akaunti yake na kuridhia taarifa za kodi zichukuliwe, wewe hupati hata nafasi ya kuombewa hesabu upya. Mwambie kujaza FAFSA si kusaini deni. Halafu usimwambie "wengine unawapa". Atakachosikia ni kwamba binti yake anahesabu vidonge vya mama yake. Muombe namba: baba, kwa mwaka unaweza kunipa dola ngapi bila kuvunja chochote? Akisema 8,000, chuo unakichagua kwa hiyo 8,000.

Mazungumzo ya pili si yako, ni ya mama. Baba zako wadogo, ambao watoto wao wanasomeshwa na kaka yao, wana kazi sasa? Kama wanazo, dawa za Lushoto wanaweza kuzibeba kwa miaka miwili utakayokuwa chuoni, na mabati ya Bunju yanaweza kusubiri. Hilo likitoka kinywani mwako litakuwa utovu wa adabu. Likitoka kwa mama, litakuwa kikao cha familia.

Barua za vyuo zikifika, chukua kalamu ukate kila mstari ulioandikwa mkopo, kwa sababu wana tabia ya kuuorodhesha pamoja na zawadi. Kisha nitumie zilizobaki, tuzisome wote.