Ni Pierrot, si Marcel Marceau

Uliuliza kama yule mchekeshaji wa Kifaransa mwenye uso mweupe na nguo pana nyeupe ndiye Marcel Marceau, yule mwigizaji bubu Mfaransa wa karne ya 20. Hapana. Huyo ni Pierrot, mhusika wa jukwaani wa zamani zaidi. Marceau alikuwa na mhusika wake, Bip, aliyemwanzisha mwaka 1947. Uso mweupe aliurithi tu.

Pierrot alianzia kwa waigizaji wa Kiitaliano waliokuwa Paris karne ya 17: mtumishi mshamba, mwepesi kudanganywa. Wahusika wenzake kama Arlequin walivaa barakoa, yeye alipakwa unga usoni. Lakini sura tunayoijua leo ilitoka karne ya 19 kwa mwigizaji Jean-Gaspard Deburau, mzaliwa wa Bohemia (sasa Ucheki), katika Funambules, ukumbi mdogo wa maigizo huko Paris. Aliondoa ile kola ya marinda na kofia pana, akavaa kikofia cheusi kilichobana kichwa. Ukiniuliza mimi, hapo ndipo palipokuwa na akili: uso ule mweupe ukabaki peke yake, na hata mlalahoi wa viti vya juu kabisa aliona nyusi zikipanda.

Na kwa nini Pierrot wa Deburau hakusema neno jukwaani? Sheria. Kumbi ndogo kama ile hazikuruhusiwa kuigiza tamthilia za maneno, basi wakafanya maigizo bubu.

Halafu kuna kisa cha 1836: Deburau alimpiga kwa fimbo kijana aliyekuwa akimtukana barabarani, kijana akafa. Mahakama ilimwachia. Inasemekana watu walijazana kwenye kesi ili wamsikie akiongea, maana jukwaani walikuwa hawajawahi!