Kurekodi kwa mafundi wa majahazi: upepo, nyundo na adhana

Makala ya sauti za pwani huharibiwa na upepo kabla ya kitu kingine chochote. Upepo ukipiga kiwambo cha maikrofoni, yaani utando wa ndani unaopokea sauti, huleta mngurumo mzito unaojichanganya na maneno, na ukitaka kuuondoa wakati wa kuhariri, maneno nayo yanakwanguka. Sifongo nyeusi inayouzwa pamoja na kinasa sauti inafaa chumbani tu. Ufukweni ivishe maikrofoni koti la manyoya, washa kichujio cha hezi 80 kinachopunguza mngurumo mzito, na mkalishe msemaji upepo ukimpiga mgongoni ili mwili wake uikinge maikrofoni. Upepo wa kusi ukikaza, kati ya Juni na Agosti, wahi alfajiri na mjibanze nyuma ya ubavu wa chombo kilichopandishwa mchangani.

Tuseme unakwenda Nungwi, kaskazini mwa Unguja, ambako majahazi bado yanaundwa kwa mkono. Anza kwa sheha, kiongozi wa serikali wa eneo hilo, kisha shikamoo kwa mafundi wazee, na maikrofoni ibaki mkobani mpaka upewe ruhusa. Rekodi kwa WAV, faili la sauti isiyobanwa, kilohezi 48, biti 24. Saa moja ya stereo hula takriban gigabaiti 1, kwa hiyo hakuna sababu ya kubania nafasi kwa kutumia MP3. Simu iwe katika hali ya ndegeni, maana mkwaruzo wake huingia kwenye waya bila taarifa. Hedifoni zisitoke masikioni.

Mtu akizungumza, maikrofoni ikae sentimita 20 hivi kutoka mdomoni, pembeni kidogo, na vilele vya sauti, yaani pale inapopanda juu kabisa kwenye kipimo cha kinasa, vicheze kati ya desibeli -18 na -12. Nyundo ya kalafati, kazi ya kuziba nyufa za mbao za chombo, haitaki kipimo hicho. Pigo lake ni la ghafla, na fundi akishakolea kazini hupiga kwa nguvu kuliko alivyopiga ulipomwomba ajaribu. Weka vilele vya jaribio kwenye -20. Vinasa vya biti 32 vya aina ya float vinasamehe kosa la kipimo, lakini maikrofoni yenyewe ikizidiwa, sauti imeshapasuka kabla haijafika kwenye kinasa.

Rekodi kazi hiyo kwa umbali wa aina tatu: sentimita 30 kutoka kwenye patasi, mita 2, na mita 15. Simama dakika tatu kila mahali bila kutembea. Ukiwa karibu utasikia pamba yenye mafuta ikisokomezwa kati ya mbao, na mlio wa pigo ukipanda kadiri ufa unavyojaa. Sauti hiyo peke yake inaeleza kazi, basi usimwombe fundi azungumze huku anapiga. Aweke nyundo chini kwanza, ndipo aeleze.

Adhana ikianza, simamisha mahojiano. Ukikata sentensi ambayo chini yake kuna adhana, au taarabu ya redio ya jirani, msikilizaji atasikia adhana au wimbo ukiruka hata kama maneno yameungana vizuri. Irekodi adhana yote, mwanzo hadi mwisho, kisha endeleeni.

Kabla hujafunga vifaa, rekodi dakika moja ya mahali hapo bila mtu kusema, kwa maikrofoni na kipimo kilekile. Hiyo ndiyo utakayozibia mapengo wakati wa kuhariri.

Ukitoka kwenye gari lenye kiyoyozi, acha vifaa ndani ya mkoba uliofungwa kama nusu saa vizoee joto. Unyevu ukijikusanya kwenye kiwambo baridi, maikrofoni huanza kutatarika katikati ya mahojiano.