Oili kwenye boksi la ea klina: anza na kijiti

Kaka, usikubali injini ifunguliwe bado. Umesema fundi amebadilisha oili juzi, na leo umekuta ea klina (chujio la hewa) ya karatasi imelowa na chini ya boksi kuna kidimbwi cheusi. Mimi ningeshuku kwanza kwamba oili imezidi.

Injini ya pikipiki lazima ipumue. Gesi kidogo hupenya kwenye ringi za pistoni, ikashuka kwenye chumba cha chini cha kreki (mhimili unaozungushwa na pistoni), halafu hutolewa kwa mpira unaoingia kwenye boksi la ea klina ili ichomwe tena. Oili ikijaa kupita alama, kreki inaichapa inakuwa povu, na povu hilo linafuata mpira huohuo.

Simamisha pikipiki kwa stendi kubwa, sehemu tambarare, injini ikiwa imezimwa dakika chache, kisha soma kijiti cha kupimia oili. (Pikipiki nyingi kijiti hakifungwi wakati wa kupima, kinaegeshwa tu; angalia kitabu chako. Hapo ndipo wengi hukosea kipimo.) Imezidi? Punguza. Futa boksi, mwaga kile kimpira chenye kizibo chini yake, weka ea klina mpya. Ya karatasi ikishalowa oili haioshwi kwa petroli.

Kipimo kikiwa sawa na oili ikarudi baada ya wiki, tena unaona moshi wa bluu nyuma, basi huenda ringi zimechoka. Hapo mpe fundi apime kompresheni (mgandamizo ndani ya silinda).