Kabla ya Upanga, Andika Deni

Juma lililopita kijana mmoja aliniandikia: "Kaka, naandika skripti ya jambazi anayeishi kisamurai. Upanga mzuri naupata wapi?" Nilikaa na ujumbe ule siku mbili bila kujibu. Ulinigusa pabaya.

Mwaka 2019 nami nilikuwa na jambazi wangu wa kisamurai, anayeiga wale wapiganaji wa zamani wa Japani waliomtumikia bwana, katika filamu fupi ya dakika 18. Upanga alitutengenezea fundi wa kuchomelea vyuma Buguruni, mpini tukauzungushia kamba nyeusi za viatu. Niliupenda mno. Mhusika wangu aliuchomoa mara tano, na kila mara kamera iliufuata kama bibi harusi. Tukaipeleka kwenye shindano, na jaji mmoja akaniuliza mbele ya watu: "Huyu bwana anamtumikia nani?" Sikuwa na jibu. Ukumbi ukacheka. Nimeshasamehe, lakini kicheko kile bado nakisikia.

Nilirudi nyumbani nikaitazama upya Ghost Dog, filamu ya Jim Jarmusch ya 1999. Zamani nilikuwa naitazama kwa ajili ya risasi na muziki wa RZA, yule msanii wa rap, tu. Safari hii nilishika daftari. Forest Whitaker, yuleyule aliyekuja kuigiza Idi Amin, anaigiza Ghost Dog, muuaji wa kukodiwa anayeishi juu ya paa na njiwa zake. Louie, mtu wa mafia, aliwahi kumwokoa asiuawe, na tangu siku hiyo Ghost Dog amejihesabu mtumishi wa Louie. Hulipwa mara moja kwa mwaka. Upanga anao, ila ni wa mazoezi kule juu ya paa. Kazini hutumia bastola, na akimaliza huizungusha hewani kisha huiingiza ndani ya koti taratibu, kama mtu anayerudisha upanga alani. Nilirudisha nyuma sini ile mara nyingi sana. Kitendo cha sekunde chache kinakuambia mtu huyu ni nani, na mimi nilikuwa nimehangaika dakika 18.

Kisha angalia deni lenyewe. Tukio la kuokolewa tunaoneshwa mara mbili. Katika kumbukumbu ya Ghost Dog, bastola ya mshambuliaji imeelekezwa kwake yeye. Katika kumbukumbu ya Louie, imeelekezwa kwa Louie. Huenda basi bwana alikuwa anajiokoa mwenyewe! Na wakubwa wa Louie ni wazee waliochoka, wanadaiwa pango, wanatazama katuni. Hawastahili utii wa Louie, naye anautoa vilevile.

Kitabu anachosoma mhusika yule ni Hagakure, maneno ya samurai Yamamoto Tsunetomo. Bwana wake alipofariki mwaka 1700, sheria ilikuwa imeshakataza mtumishi kujiua ili amfuate bwana, kwa hiyo Tsunetomo akawa mtawa, akabaki kusimulia utii ambao zama zake zilikuwa zinapita. Mafia wa Jarmusch nao zama zao zimepita. Hapo ndipo samurai na jambazi wanapokutana, ndugu zangu, na hapo upanga hauna kazi.

Mfaransa Jean-Pierre Melville alilijua hilo tangu 1967. Katika Le Samouraï, Alain Delon ana koti, kofia na ndege mmoja kwenye tundu. Maneno ya mwanzo ya filamu, yanayodaiwa kutoka kitabu cha Bushido, yaani maadili ya samurai, Melville aliyatunga mwenyewe. Mwishoni Delon anakwenda kufa na bastola isiyo na risasi. Ghost Dog naye vivyo hivyo. Jambazi wa kawaida hukamatwa au huuawa akikimbia. Hawa wawili wanakwenda kifoni kwa miguu yao.

Kwa hiyo, vijana wenzangu mnaotaka filamu zenu zikumbukwe: andikeni deni kwanza. Nani alimwokoa? Kwa nini hawezi kuondoka? Msikimbilie mavazi. Andikeni deni, kisha mlifanye lisilolipika. Nasema kwa uchungu kwa sababu naona skripti nyingi zenye mapanga na vinyago, na ndani hakuna mtu anayemheshimu mtu.

Filamu yangu ya pili haikuwa na upanga. Mwizi wa vipuri vya magari aliokolewa na mzee mmoja mikononi mwa wananchi wenye hasira kali. Miaka kumi baadaye mzee haoni vizuri, ana matusi, na bado anamtuma. Kuna sini mwizi anamkata mzee kucha za miguu huku akitukanwa, na hanyanyui kichwa. Ilipooneshwa, watu walinyamaza kimya pale, na sioni haya kusema nilitokwa na machozi nikiwa nimesimama mlangoni.

Nimemjibu yule kijana kwa swali la jaji: jambazi wako anamtumikia nani? Akishanitumia ukurasa mmoja wa jibu, nitampa namba ya fundi wa Buguruni.