Maswali yenu ya skrepa: sumaku, mizani na nyaya za usiku

Wiki hii barua zote ni za vyuma chakavu. Nimewahi kusukuma mkokoteni wa skrepa Tandika, kwa hiyo najibu kwa mgongo unaokumbuka.

Kaka, mtaji sina, mkokoteni wenyewe wa kukodi. Kila nikiuza, mzigo wote napewa bei ya chuma. Nakosea wapi? (Kijana, Mbagala)

Unachanganya, mdogo wangu. Mnunuzi akikuta kiroba kimoja, atakipa bei ya kitu cha chini kabisa kilichomo. Tafuta sumaku, ya spika iliyokufa inatosha. Kinachonata ni chuma. Kisichonata kiweke pembeni: shaba, brasi, alminiamu. Halafu uwe na tupa. Koki ya maji inang'aa kama fedha, lakini ikwangue kidogo: ikitoka njano, hiyo ni brasi iliyopakwa kromu. Mimi niliwahi kuuza koki nane za namna hiyo kwa bei ya chuma, na mnunuzi akaninunulia soda. Nikamwona mkarimu!

Kwa mkono nakadiria kilo 30, kwenye mizani yake zinatoka 24. Naibiwa? (Mama, Buguruni)

Shikamoo mama. Kwa makadirio ya mkono hutamshinda. Nenda na dumu la lita 20 lililojaa maji: lita moja ni kilo moja, na dumu lenyewe linaongeza kama kilo moja. Mizani ikisoma 17, ondoka na mzigo wako. Angalia pia kama ina stika ya Wakala wa Vipimo, na kama inaanzia sifuri. Yale makato ya "uchafu" yabishanieni kabla ya kupima.

Nichome nyaya au nimenye? (Morogoro)

Menya. Shaba iliyoungua huwa nyeusi na bei hushuka, na moshi wa ile plastiki ni sumu. Betri ya gari nayo iuze nzima, usiipasue kutafuta risasi, ile metali nzito yenye sumu iliyomo ndani. Mtaa wa Owino Uhuru, Mombasa, watu walidhurika kwa risasi ya kiwanda cha kuyeyusha betri, hadi mwaka 2020 mahakama ikaamuru walipwe shilingi za Kenya bilioni 1.3.

Kuna kijana ananiletea nyaya nene za alminiamu saa nne usiku, kwa nusu bei. Nichukue? (Mombasa)

Usichukue, huenda zimekatwa kwenye laini za umeme. Januari 2022 minara ya umeme ilianguka, Kenya ikaingia gizani, lawama zikawaangukia wahujumu, na serikali ikapiga marufuku biashara yote ya vyuma chakavu hadi Mei. Mwenye mkokoteni aliyeokota makopo yake kihalali naye alilala njaa. Andika jina la kila anayekuuzia na namba ya kitambulisho chake. Wa saa nne usiku hatarudi.

Mwanangu wa darasa la tano huokota skrepa akitoka shule. Nimwache? (Mzazi, Kibondo)

Hapana, mzazi mwenzangu. Novemba 2017, Shule ya Msingi Kihinga kule Ngara, mwanafunzi alifika na kitu alichookota akidhani ni chuma chakavu. Lilikuwa bomu, na liliua watoto. Huko mpakani mwambie hivi: chuma chenye umbo la yai au chenye mapezi kama samaki asikiguse, asikirushie jiwe. Akumbuke mahali kilipo, arudi kwa njia ileile aliyoendea, awaambie, nanyi mwite polisi.