Mwanangu, mkataba haupigi risasi

Mwanangu,

Marahaba. Barua yako nimeisoma, na baada ya Isha nikairudia. Wataka kujua, kwa ajili ya insha yako ya chuo, Vita Vikuu vya Kwanza vililetwa na mikataba ya kijeshi au tamaa ya makoloni.

Mimi nasema mkataba haupigi risasi. Italia ilifungamana na Ujerumani na Austria-Hungaria tangu 1882. Vita vilipoanza 1914 ikakaa pembeni, na mwaka uliofuata ikaenda upande wa pili, imeahidiwa ardhi. Kuna kifungo hapo?

Lakini ngoja. Ujerumani isingeiahidi Austria kusimama nayo, na Urusi, mtetezi wa Serbia, isingekuwa na Ufaransa nyuma yake, basi mauaji ya mrithi wa ufalme wa Austria kule Sarajevo huenda yangebaki ugomvi wa Austria na Serbia. Yasingefika kwetu Tanga. Nayo yalifika: Novemba 1914 Waingereza walishusha askari wa Kihindi Ras Kasone, wakatimuliwa.

Babu yangu wa Muheza wamjua. Wajerumani walimchukua abebe risasi zao. Walipokimbilia kusini, Waingereza wakamkamata abebe za kwao. Shuleni mwalimu alituuliza nani ana mzee aliyekuwa vitani. Nikanyoosha mkono. Akaniambia mpagazi si askari, nikae chini, na darasa zima likacheka. Niko na wajukuu sasa, na bado nikilikumbuka uso unaniwaka moto! Wapagazi wa Waingereza peke yao walikaribia milioni moja. Walikufa makumi kwa maelfu, wengi kwa kuhara, malaria na njaa, si kwa risasi. Nani alimwonyesha hata mmoja wao huo mkataba?

Na mkataba wa kuwanusuru ulikuwepo. Berlin, 1885, wakubwa haohao waliandika kwamba makoloni ya ukanda huu yangeweza kuwekwa nje ya vita vyao. Schnee, gavana wa Wajerumani hapa kwetu, aliutaka ufuatwe. Tarehe 8 Agosti 1914 manowari ya Waingereza ikaipiga Dar es Salaam mizinga. Ndiyo maana narudia: mkataba haupigi risasi, wala hauzuii. Wenye tamaa huushika ukiwafaa.

Ulimi unaniwasha nikupe jibu moja, na lipi unalijua. Sikupi, maana insha ni yako na hiyo hoja ya Sarajevo bado inanisumbua. Ila wapagazi usiwaache nje ya insha hiyo. Ukimaliza niletee niisome kabla ya mwalimu wako.

Mama yako