Kihori cha alumini: kinyanyue kwanza, ndipo ulipe

Juzi msomaji mmoja ameniandikia. Ana yoti ya mita 9, kihori chake cha mpira, yaani kile chombo kidogo cha kumvusha kati ya yoti na nchi kavu, kimechakazwa na jua, sasa anataka cha alumini, ila hajui akamate kipi. Ndugu yangu, swali hilo mimi lilinigharimu kihori kizima.

Cha kwanza nilikinunua kwa macho. Mita 3 na nusu, kinang'aa, kimeungwa kwa ribiti, yaani vipini vya chuma vilivyogongwa. Muuzaji akaniambia alumini haishiki kutu. Ni kweli haishiki kutu kama chuma, lakini huliwa. Nikakipaka chini rangi ile ile ya yoti yangu, ya kuzuia majani na magamba ya baharini, ambayo ndani yake mna shaba. Shaba na alumini zikikutana katika maji ya chumvi, inayoliwa ni alumini. Msimu haukwisha, asubuhi nayatoa maji ndani, adhuhuri yamerudi. Nikakipindua, nikakuta vishimo tele kama ubao uliobunguliwa. Kinachoniuma mpaka leo ni kwamba muuzaji yule aliniuzia kihori na makopo ya rangi siku moja, kaunta moja, akapokea pesa akanyamaza.

Na uzito! Peke yangu sikuweza kukipandisha sitahani, juu ya yoti, kwa hiyo kila safari nilikiburuta kwa kamba. Usiku mmoja wa upepo kikajaa maji, kikawa kama nanga ya pili. Kihori cha alumini kikijaa maji huzama, kwa hiyo hakikisha chini ya mabenchi mna povu la kukifanya kielee.

Nilicho nacho sasa ni cha mita 2.4, kimechomelewa, bati la aina ya 5052, alumini yenye magnesiamu inayostahimili maji ya chumvi. Chini sikukipaka kitu. Nakipandisha mwenyewe kwa henza, kamba ya kupandishia tanga, na wiki iliyopita nilikiburuta juu ya changarawe mpaka nchi kavu bila hofu. Cha mpira ningekibeba kama yai. Moyo wangu ulifurahi, nasema kweli.

Lakini cha mpira ukikanyaga ukingo kinakuvumilia. Cha alumini kinainamia upande wako. Omba kiingizwe majini, mkae wawili, kisha mmoja asimame pembeni. Zungusha dapra nene, mto wa kuzuia kugongana, ukingoni mwote, la sivyo kitaichuna yoti yako na kugonga usiku kucha. Misumari ya chuma cha pua itenganishwe na alumini kwa vipande vya plastiki.

Jamani, tusinunue kwa kung'aa. Shika gubeti, yaani ncha ya mbele, nyanyua. Muuzaji akikukataza kujaribu, ondoka. Nimelipia somo hili, sitaki mwingine alilipie tena.

Wewe uliyeniandikia, kabla ya lolote pima nafasi ya kukilaza kihori iliyopo kati ya mlingoti na omo, mbele ya yoti, upana na urefu. Nitumie vipimo hivyo, tuanzie hapo.